Jinsi ya Kushuka Kwenye Shangingi Bila Kuteguka Mguu

Kesho asubuhi, kabla hujawasha gari, simama uani ulitazame. Usilitazame kama unavyolitazama Jumamosi likitoka kuoshwa. Litazame kama mfanyabiashara wa Kariakoo anavyotazama gunia: lina uzito gani, na ndani yake kuna nini. Land Cruiser ya V8, hii tunayoiita shangingi, ina zaidi ya tani mbili na nusu. Wewe, pamoja na viatu na begi la kompyuta, una kilo sabini, themanini kama wali wa nazi hukupiti. Kila asubuhi tani mbili na nusu za chuma zinatoka Mbezi kwenda Posta kuusindikiza mwili mmoja ofisini, na jioni zinaurudisha. Viti saba vinakwenda, sita vikiwa vitupu, vimefungwa mikanda ya bure na kupulizwa kiyoyozi.

Nauandika mwongozo huu kwa sababu nawapenda wanaoendesha magari hayo. Baadhi ni ndugu zangu wa damu. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta, simu yangu haitulii: wanalalamika kama wakulima waliopigwa na ukame. Lakini ukame hauna aliyeuleta nyumbani kwa mkopo wa benki. Kiu ya gari ilinunuliwa siku ile ile liliponunuliwa gari lenyewe, na ndiyo maana naamini mtu anaweza kushuka. Ni suala la kujua pa kuweka mguu.

Anza na chupa ya lita moja na kijiko cha chai. Jaza chupa maji, waite watoto, waambie hayo ni petroli. Injini ya petroli, hata iliyotunzwa vizuri, hugeuza kuwa mwendo kama robo tu ya nguvu iliyomo kwenye mafuta. Nyingine inapotea kama joto, kwenye rejeta na kwenye bomba la moshi. Kwa hiyo mimina robo tatu ya chupa kwenye ndoo ya kudekia. Hiyo robo iliyobaki ndiyo inayosukuma gari pamoja na aliyemo, na gari na mtu wanagawana kwa uzito wao. Ukigawa kwa haki kati ya shangingi na mwili wa kilo sabini, fungu la mwili ni mililita sita au saba: kijiko kimoja cha chai na matone juu yake. Mimina hicho kijiko kwenye kisosi ukiweke pembeni. Katika lita nzima uliyolipia, hayo ndiyo mafuta yaliyokupeleka wewe kazini. Yaliyobaki yamepeleka gari.

Rudia hesabu kwa Vitz, gari dogo ambalo uzito wake ni kama tani moja. Kisosi kinapata vijiko vitatu. Bado ni haba, nakubali, lakini ni zaidi ya maradufu, na lita yenyewe inakufikisha mbali zaidi ya maradufu. Watoto wataelewa kabla yako. Mwanao wa darasa la nne atauliza kwa nini baba asiende na bodaboda, nawe utalazimika kumjibu.

Sasa fungua daftari. Tuseme kwenda na kurudi kazini ni kilomita 40, siku 25 kwa mwezi: kilomita 1,000 kamili. Tuseme petroli ni shilingi 3,000 kwa lita, bei ambayo Dar es Salaam iliipita mwaka 2022, wala hatujaisahau. Gari linalokwenda kilomita 6 kwa lita, na shangingi kwenye foleni ya Ubungo likifika hapo linastahili makofi, litakunywa lita 167, yaani laki tano. Gari dogo la kilomita 14 kwa lita litakunywa lita 71, laki mbili na elfu kumi na nne. Tofauti ni kama laki mbili na elfu themanini na tano kila mwezi. Kwa mwaka ni karibu milioni tatu na laki nne, kabla hujagusa tairi, bima wala fundi.

Ndani ya daftari hilo kuna jambo moja ambalo wengi hawalioni, nami nataka ulione vizuri kwa sababu litakuokoa na kukata tamaa. Mtu mwenye gari la kilomita 6 kwa lita akihamia la kilomita 9, kila kilomita 1,000 anaokoa lita 56. Mtu mwenye gari la kilomita 14 akihamia la 20, anaokoa lita 21 tu. Hatua ya kwanza kutoka juu ndiyo yenye fedha nyingi. Kwa hiyo kama una watoto wanne na mama mzazi nyumbani, na Vitz haiwatoshi, usiseme mwongozo huu haukuhusu. Shuka ngazi moja. Toka kwenye V8, ingia kwenye gari la injini ya lita moja na nusu au mbili lenye viti vya kutosha, na utakuwa umeokoa kuliko jirani yako aliyetoka kwenye gari dogo akanunua dogo zaidi.

Tunafika Desemba. Ukimkaba mwenye shangingi kwenye kona, ukimuuliza kwa upole na kwa muda mrefu, mwishoni ataitaja Desemba: safari ya kwenda kwao. Kwa Wachaga safari hiyo ni kama hija. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi, kilomita zaidi ya mia tano, inajaa magari ya familia nzima na maboksi ya zawadi, na kila mtu anataka kuonekana akipandisha mlimani Rombo, Machame au Marangu kwa gari linalounguruma. Mimi siicheki safari hiyo hata kidogo. Mtu anayekwenda kula Krismasi na mama yake ana haki ya kuwahi, na ana haki ya kushangiliwa getini. Lakini hesabu siku. Siku ambazo barabara ya kwenu inahitaji gari la juu, lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, ni tatu, labda nne mvua ikinyesha. Umenunua gari la siku tatu, na unalilisha siku mia tatu sitini na mbili nyingine.

Kwa hizo siku tatu, kodi. Andika laki mbili na nusu kwa siku, jumla laki saba na nusu. Ukiitoa kwenye ile milioni tatu na laki nne bado una zaidi ya milioni mbili na nusu mfukoni, na matope ya mlimani yamebaki kwenye gari la mwingine. Au nenda na gari lako dogo kwenye lami, ambayo inafika Moshi bila ubishi, uliache kwa dada mjini, na kipande cha mwisho chenye utelezi upande na kijana wa bodaboda anayekijua kila kona. Zawadi zitangulie na basi. Mama yako atatoka nje kwa sauti ya pikipiki kama ambavyo angetoka kwa sauti ya V8, kwa sababu anayemsikiliza ni wewe.

Baba mkwe ni kazi nyingine, na inataka maandalizi. Ukishasalimia shikamoo na kujibiwa marahaba, atatazama nyuma yako.

“Lile gari kubwa liko wapi, mwanangu?”

“Nimeliuza, baba. Ada ya mjukuu wako ya mwaka huu imeshalipwa yote.”

Usiongeze neno. Nimeona jibu hilo likimaliza maongezi ya gari katika nyumba mbili, na katika moja kati ya hizo mbili jogoo alichinjwa.

Ukumbini, kwenye harusi, ndipo wengi wanapoteguka. Kwenye kumbi za Sinza na Mbezi Beach yuko mlinzi mwenye filimbi na kiakisi mwanga kifuani, ambaye kazi yake ni kupanga wageni kwa ukubwa wa injini. V8 zinakaa mbele ya zulia. Wewe atakuelekeza nyuma, karibu na jenereta, na atakuelekeza kwa kidevu. Nasema kwa moyo wangu wote kwamba jambo hili linaniuma. Mtu aliyechanga, akahudhuria vikao vinane vya kamati, akapokea simu za mhazini usiku wa manane, hapaswi kupimwa kwa chuma alichokuja nacho. Basi fanya hivi. Fika mapema, paki karibu na geti la kutokea, mpe mlinzi salamu kamili, na uingie ukumbini kwa mwendo wa mtu asiyedaiwa. Heshima ya harusi yetu imeandikwa kwenye daftari la kamati, na laki mbili na themanini unayookoa kila mwezi inatosha kuandika jina lako humo kwa wino mzito. Saa saba usiku, V8 za mbele ya zulia zitakapokuwa zimezibwa na Coaster ya bendi, wewe utakuwa umeshapita Mwenge.

Labda bado moyo unakuambia kwamba gari dogo ni gari la asiyejiweza. Keti nikusimulie.

Julai 1956 Gamal Abdel Nasser aliufanya Mfereji wa Suez kuwa mali ya Misri. Uingereza, Ufaransa na Israeli zikaingia vitani, mfereji ukazibwa, meli za mafuta zikakwama, na kufikia Desemba mwaka huo Waingereza walikuwa wanagawiwa petroli kwa kuponi. Leonard Lord, mkuu wa kampuni ya magari ya BMC, alimwita mhandisi wake Alec Issigonis akamtaka atengeneze gari dogo ambalo ni gari kweli, lenye kubeba watu wanne. Issigonis akaigeuza injini ikae kwa ubavu, akaiweka gia chini yake, akasukuma magurudumu madogo ya inchi kumi hadi kwenye pembe nne za mwisho. Gari lenye urefu wa mita tatu likawa na nafasi ambayo sehemu kubwa yake wanakalia watu. Likaitwa Mini, likatoka Agosti 1959 likiwa na injini ya cc 848. Watu wenye fedha wakalipenda, wasio na fedha wakalipenda, na katika mbio za Monte Carlo likashinda mwaka 1964, 1965 na 1967, likiyaacha kwenye theluji magari yenye injini kubwa mara kadhaa. Zaidi ya milioni tano yalitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Magari mengi madogo tunayopanda leo, hiyo Vitz ikiwemo, yamelaza injini zao kwa ubavu vivyo hivyo. Nchi iliyobanwa na mafuta ilikaa chini ikafikiri, ikapata kitu kizuri kuliko ilichokuwa nacho.

Na sisi tuliwahi kubanwa. Wazee wa Dar es Salaam wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, magari binafsi yalipokatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana ili kuokoa mafuta. Watu walikwenda kusalimiana kwa miguu. Mwulize baba yako.

Ukitaka mwalimu wa karibu zaidi, simama Buguruni ukaitazame kirikuu. Hiyo ni Suzuki Carry au ndugu zake, iliyozaliwa chini ya sheria ya Japani ya magari madogo: injini isizidi cc 660, urefu usizidi mita 3.4, upana usizidi mita 1.48. Silinda zake zote zikijazwa kwa pamoja haziwezi kujaza chupa yetu ya lita moja. Na juu ya mgongo wake kuna kabati la nguo, godoro la sita kwa sita, mitungi miwili ya gesi, na kijana aliyekaa juu kuyashikilia. Kirikuu inahamisha familia nzima kutoka Tandika kwenda Chanika. Halafu mtu mmoja mwenye simu mbili anasema asubuhi hawezi kufika kazini bila silinda nane.

Kuhusu kununua nitakuwa mfupi, maana mawakala wa magari wataongea kwa niaba yangu. Soma ukubwa wa injini kabla ya kusoma rangi. Kwa miaka mingi ushuru wa bidhaa kwenye magari yanayoingia Tanzania umepangwa kwa ngazi: injini isiyozidi cc 1,000 haitozwi, hadi cc 2,000 ni asilimia 5, zaidi ya hapo asilimia 10. Na gari likizidi miaka minane tangu litengenezwe, linaongezewa ushuru wa uzee. Tena tangu 2017, ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa na shilingi 40 kuongezwa kwenye kila lita ya mafuta, anayechoma sana ndiye anayelipa sana. Mimi naona huo ni utaratibu wa haki. Mwenye lita 167 kwa mwezi analipa zaidi ya mara mbili ya mwenye lita 71, na wote wawili wanaruka mashimo yale yale.

Ukishapata gari lako dogo, lijue. Gari la kunusa mafuta linaweza kufundishwa ulevi na dereva mbaya. Toa kwenye buti jembe, mfuko wa saruji ulioganda na viatu vya mpira vya msimu uliopita. Pima upepo wa tairi asubuhi zikiwa baridi, kwa kipimo kilichobandikwa pembeni mwa mlango wa dereva. Tairi laini linafanya injini ikokote. Kwenye foleni, litazame gari la tatu mbele yako badala ya lile lililo puani, ili usikanyage mafuta kwa ajili ya kwenda kukanyaga breki. Kila unapofunga breki unageuza petroli kuwa joto la vyuma. Kwenye barabara kuu tembea 80 badala ya 110: hewa inalisukuma gari nyuma kwa nguvu inayokua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kwenye 110 unapambana na upepo wenye nguvu karibu mara mbili ya ule wa 80. Utafika Morogoro umechelewa kidogo, na utafika.

Na tafadhali, ukiteremka Kitonga, usiweke nyutro. Najua uliambiwa inaokoa mafuta. Injini za siku hizi, ukiachia mafuta gari likiwa kwenye gia, zinakata petroli zenyewe na mteremko ndio unaozizungusha. Ukiweka nyutro injini inaanza tena kunywa ili isizimike, na breki zako zinabeba mlima peke yao. Unalipa zaidi ili uwe karibu zaidi na korongo.

Sitakuficha jambo moja. Dogo likigongana na kubwa, dogo ndilo linaloumia zaidi. Hiyo ni sheria ya uzito wala haina rafiki. Ndiyo sababu tumeingia kwenye mashindano mabaya: fulani ananunua kubwa kwa sababu jirani ana kubwa, jirani naye anaongeza bampa la chuma, na mtoto anayevuka barabara na sare za shule anabaki na kifua chake kile kile mbele ya boneti iliyomzidi kimo. Nalifikiria sana hili ninapopita karibu na shule ya msingi saa moja asubuhi. Kila anayeshuka ngazi moja anampunguzia mtoto yule hatari, na anampunguzia dereva wa gari dogo anayekuja mbele. Wakati huo huo jilinde: chagua dogo lenye mifuko ya hewa, mikanda ifungwe mpaka nyuma, usisafiri usiku na malori, na usilipite lori kwenye mlima kwa matumaini. Injini ndogo inahitaji nafasi ndefu ya kupita, nawe utaisubiri.

Kuna watakaokuambia mvua. Jangwani ikifurika watafanyaje wenye magari madogo? Watafanya kama wenye makubwa, maana Mto Msimbazi ukipanda juu ya barabara, njia inafungwa kwa wote. Mwenye shangingi na mwenye Vitz wanageuzia sehemu moja, tofauti ni kwamba wa shangingi anahitaji njia tatu kugeuza.

Hatua ya mwisho inafanyika Kariakoo, Jumamosi, saa nne asubuhi. Nenda na gari lako jipya dogo. Mtaa umejaa, mikokoteni inapita katikati, mama mwenye beseni la ndizi anakupigia kelele usogee. V8 nyeupe iko mbele yako, imezunguka kona hiyo mara tatu, dereva ametoa kichwa dirishani anatafuta nafasi. Kati ya kirikuu iliyobeba mabomba na bajaji inayopakua mchele kuna pengo ambalo yeye amelipita bila kulitazama. Washa taa ya kuashiria. Kijana wa kusimamia maegesho atakuja mbio akipiga boneti kwa kiganja: “Njoo, njoo, njoo, kata kulia, ingia yote, hapo hapo!” Zima injini, mshukuru, fungua mlango taratibu usigonge mkokoteni. Ardhi iko karibu, hutahitaji kuruka. Shuka, na usisahau kikapu kwenye kiti cha nyuma.